Tumbo Kusokota si Msemo Tu

Kenya hii kila mtu ana alsa. Mathe ana alsa, jirani ana alsa, mwalimu wako wa hesabu alikuwa na alsa, na wewe ukikaa na njaa hadi saa tisa unaambiwa, "Chunga, utapata alsa." Moto kifuani ni alsa. Gesi ni alsa. Maumivu chini ya mbavu ni alsa. Unaenda duka la dawa, unanunua ile dawa nyeupe ya chupa ama vidonge vya kutafuna, maisha yanaendelea. Na mara nyingi hiyo inatosha, sina ubishi.

Lakini kuna kitu kingine tunasema bila kufikiria: "Tumbo linanisokota." Tunamaanisha tu kwamba linauma. Leo naongea kuhusu watu ambao tumbo liliwasokota kweli. Mfuko wa chakula wenyewe ulijizungusha ndani ya mwili kama nguo inayokamuliwa, ukajifunga juu na chini, na mwenyewe akabaki na saa chache za kuokolewa.

Ni ugonjwa adimu, niseme hivyo mapema ndio usilale na wasiwasi. Ila ndani ya historia yake kuna ishara tatu ambazo nafikiri kila kijana mwenye shosho au guka nyumbani anafaa kuzijua. Madaktari walichukua zaidi ya karne tatu kuzifikia. Wewe utachukua dakika kumi.

Kwanza, tuangalie ndani

Kifua na tumbo vimetenganishwa na ukuta wa msuli unaoitwa kiwambo. Ndio unaoshuka na kupanda ukipumua. Chakula kikitoka mdomoni kinapita kwenye umio, na umio lazima utoboe huo ukuta ili ufike kwa mfuko wa chakula. Kwa hivyo kuna tundu hapo, la kawaida kabisa, sisi sote tunalo.

Shida inaanza tundu likilegea na kupanuka. Umri unachangia sana, unene pia, na kitu chochote kinachosukuma tumbo kwa nguvu miaka nenda miaka rudi. Sehemu ya mfuko wa chakula inaanza kupanda kupitia hilo tundu na kuingia kifuani. Hiyo inaitwa henia ya kiwambo, wengine husema ngiri.

Takriban 95 kati ya henia 100 za aina hii ni zile za kuteleza. Mfuko unapanda kidogo, unashuka, unapanda tena. Zinaleta kiungulia, ama hazileti kitu na mtu anaishi nazo hadi uzee bila kujua. Zile chache zilizobaki ndizo noma. Hapo mfuko unapanda kando ya umio, kidogo kidogo kwa miaka, mpaka kwa watu wengine karibu mfuko wote unahamia kifuani, nyuma ya moyo.

Sasa fikiria hema. Hema linasimama kwa sababu kamba zake zimefungwa pande zote. Mfuko wa chakula pia umefungwa kwa kano zinazoushikanisha na ini, wengu, utumbo mpana na kiwambo. Ukipanda kifuani, hizo kano zinavutwa, zinarefuka, zinalegea. Hema bila kamba ni upepo tu unangoja.

Na unaweza kugeuka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kama mshikaki kwenye kijiti: mfuko unajizungusha kwa urefu wake. Hii ndiyo ya kawaida zaidi, na ndiyo inayoandamana sana na henia ya kiwambo. Ya pili ni kama mpira wa maji wa kuoshea gari ukikunjika katikati. Ukipita nusu mzunguko, mlango wa juu unaweza kufunga na wa chini ukafunga. Kilicho ndani hakitoki, hewa inajaa, mfuko unavimba. Halafu mishipa ya damu inabanwa, na nyama ya mfuko inaanza kufa. Vitabu vya upasuaji vimekuwa vikitaja vifo vya asilimia 30 hadi 50 kwa msokoto wa ghafla, hasa ukichelewa kutambuliwa. Siku hizi, mgonjwa akifika mapema, hali ni nzuri kuliko hapo, lakini hilo neno "mapema" ndilo limebeba kila kitu.

Karne za kujua mtu akiwa ameshakufa

Historia ya huu ugonjwa inaanzia mochari. Katika karne ya 16, Ambroise Paré, daktari wa upasuaji wa wafalme wa Ufaransa, aliandika kuhusu kapteni aliyepigwa risasi akapona, yaani kila mtu alidhani amepona. Miezi kadhaa baadaye akafa kwa maumivu makali ya tumbo. Walipompasua wakakuta utumbo umeingia kifuani kupitia tundu dogo kwenye kiwambo, tundu ambalo lingepitisha ncha ya kidole kidogo tu. Si henia ya aina tunayoongelea leo, ilisababishwa na jeraha, lakini ilionyesha wazi kwamba vitu vya tumboni vinaweza kuhama na kuua mtu.

Ruka hadi 1853. Kule Boston, Marekani, daktari Henry Ingersoll Bowditch alikuwa amekutana na kisa kimoja cha henia ya kiwambo, akaamua kutafuta vingine vyote vilivyowahi kuchapishwa. Akapata 88, vilivyoandikwa kati ya 1610 na 1846. Hebu hesabu. Zaidi ya miaka 230, visa 88. Kwani watu hawakuwa na huu ugonjwa? Walikuwa nao. Ila hakuna aliyekuwa na njia ya kuona ndani ya kifua cha mtu aliye hai, kwa hivyo ukweli ulitegemea sana nani amepasuliwa baada ya kufa.

Mwaka wa 1866, Mwitaliano aitwaye Berti akachapisha maelezo ambayo leo yanahesabiwa kuwa ya kwanza kuhusu mfuko wa chakula uliojisokota. Yeye pia aliuona kwa maiti, mwanamke aliyekuwa amekufa ghafla. Ukisoma hiyo historia harakaharaka unaona jina la Berti na tarehe, unasonga. Mimi nilikwama kwa huyo mama. Hajulikani kwa jina, lakini kila kitu tunachojua kuhusu huu ugonjwa kimeanzia kwa mwili wake. Mateso yake ya mwisho hakuna aliyeyaelewa, si yeye, si familia, si daktari.

Mwaka wa 1897, daktari wa Sweden aitwaye Berg akachapisha habari tofauti: wagonjwa wawili, wamepasuliwa, wamepona. Miaka 31 tu baada ya Berti. Kumbe msokoto unaweza kufunguliwa! Lakini hiyo ilileta swali gumu zaidi. Kama upasuaji unaokoa, utajuaje ni nani wa kumpasua? Huwezi kufungua kila mtu anayelia tumbo.

Mtu wa ishara tatu

Jibu lilitoka Berlin mwaka wa 1904, kwa daktari wa upasuaji aitwaye Moritz Borchardt. Alitazama wagonjwa wenye msokoto na kuandika vitu vitatu vinavyokuja pamoja. Mpaka leo vinaitwa kwa jina lake, na mwanafunzi wa udaktari, awe Nairobi, Eldoret ama Dar, anavikariri kwa mtihani.

Moja: maumivu makali ya ghafla sehemu ya juu ya tumbo, pamoja na kuvimba hapo juu.

Mbili: mgonjwa anataka kutapika kwa nguvu, anajikamua, anajikamua tena, na hakuna kinachotoka. Labda mate kidogo.

Tatu: ukijaribu kupitisha mpira mwembamba kupitia puani hadi kwa mfuko wa chakula, mpira unakwama. Haufiki.

Ukishajua jinsi mfuko unavyojisokota, hizi ishara zinaeleweka bila kukariri. Mlango wa juu umefungwa, ndio maana matapishi hayatoki na mpira hauingii. Mlango wa chini umefungwa, ndio maana hewa inajaa na sehemu ya juu inavimba. Ni kitu kimoja kimeonekana kwa njia tatu.

Na angalia kitu alichotumia Borchardt. Macho, masikio, mikono na mpira. Eksrei ilikuwa imegunduliwa miaka tisa tu kabla, hakukuwa na skani, hakukuwa na kamera ya kumeza. Hii ndiyo sababu mimi hukasirika kidogo mtu akisema hatuwezi kutambua magonjwa adimu juu hatuna mashine. Mashine tunazihitaji, tena nyingi zaidi ya zilizopo. Lakini ishara mbili za kwanza unaweza kuziona ukiwa umekaa kwa kiti cha plastiki kando ya kitanda cha nyanya yako. Umri wake ni zaidi ya miaka 120 na bei yake ni bure.

Alitoa risasi ya Lenin, halafu akafukuzwa

Huyu Borchardt ana hadithi ambayo inafaa filamu. Mwaka wa 1918 Vladimir Lenin, kiongozi wa Urusi ya Wabolsheviki, alipigwa risasi akitoka kwa mkutano wa wafanyakazi. Alipona, lakini risasi zilibaki mwilini. Miaka ikasonga, afya yake ikaanza kudhoofika, maumivu ya kichwa hayaishi, na kuna daktari aliyehisi kwamba madini ya risasi yanamwekea sumu. Aprili 1922 wakamwita nani Moscow kutoa moja ya zile risasi? Profesa Moritz Borchardt kutoka Berlin. Akaitoa salama. (Lenin alipata kiharusi mwezi uliofuata, kwa hivyo risasi haikuwa shida yenyewe.)

Fikiria heshima ya mtu kama huyo. Alikuwa anaongoza upasuaji katika hospitali kubwa ya Moabit, Berlin. Halafu 1933 Hitler akashika serikali. Borchardt alikuwa Myahudi. Moabit ilikuwa na madaktari wengi Wayahudi, na mwaka huo huo wakaondolewa kazini. Hakuna aliyeuliza wameokoa watu wangapi. Borchardt hatimaye akahamia Argentina akiwa mzee, na akafia Buenos Aires mwaka wa 1948.

Hakuwa peke yake. Daktari mwingine Myahudi, Rudolf Nissen, aliondoka Berlin mwaka huo wa 1933 akaenda Istanbul, Uturuki, ambako chuo kikuu kilikuwa kinawapokea wasomi waliofukuzwa. Huko, mwaka wa 1936, alimfanyia mgonjwa upasuaji wa sehemu ya chini ya umio, na ili kulinda mshono akaufunika kwa ukuta wa mfuko wa chakula, kama shali. Miaka ilipopita aligundua kwamba huyo mgonjwa hana kiungulia kabisa. Hakusahau. Mwaka wa 1955, akiwa Uswisi, alitumia wazo hilo makusudi, akazungushia sehemu ya juu ya mfuko kwenye umio, na upasuaji huo unabeba jina lake mpaka leo. Mara nyingi henia kubwa ya kiwambo ikirekebishwa, mzingo kama huo unaongezwa. Katikati ya hiyo safari alipitia Marekani, na huko 1948 akampasua Albert Einstein, aliyekuwa na uvimbe kwenye mshipa mkubwa wa damu tumboni.

Mimi naona hapa kitu ambacho si cha Ujerumani peke yake. Nchi ilikuwa na watu walioshika maarifa kichwani na mikononi, ikawafukuza kwa sababu ya kabila na dini yao. Maarifa hayakufa. Yalipanda meli yakaenda kusaidia watu wengine. Sisi tunaopenda kuuliza mtu jina lake la mwisho kabla ya kuuliza anajua nini, tukae tukifikiria hiyo.

Hatimaye tukaona ndani

Eksrei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen mwisho wa 1895. Mifupa ilionekana vizuri, lakini mfuko wa chakula ni nyama laini, ulikuwa kama kivuli. Baadaye madaktari wakaanza kumpa mgonjwa uji mzito wa madini, kwanza bismuthi, kisha bariamu, ambao eksrei haiwezi kuupenya. Ghafla mfuko wa chakula ukaonekana mweupe kama chaki, umbo lake lote, na mahali ulipo. Na watu wengi, kumbe, mfuko haukuwa mahali ulipotarajiwa.

Mwaka wa 1926 Msweden Åke Åkerlund akatumia hizo picha kupanga henia za kiwambo katika aina tatu. Ugonjwa ambao Bowditch alitafuta vitabuni akapata visa 88 ukawa kitu ambacho daktari wa picha anakutana nacho kila mara. Ugonjwa haukuongezeka usiku mmoja. Waliokuwa nao walionekana tu. Kumbuka hiyo sentensi, tutairudia.

Kuona kulileta ubishi mpya: ukimwona mtu ana henia kubwa lakini hana shida yoyote, unampasua ama unamwacha? Mwaka wa 1967, Skinner na Belsey walichapisha matokeo ya wagonjwa wengi waliohudumiwa Bristol, Uingereza. Kati yao kulikuwa na 21 wenye henia ya kando ya umio ambao hawakupasuliwa. Sita walikufa kutokana na matatizo ya henia. Sita kati ya 21, buda. Kwa miaka mingi baada ya hapo kauli ikawa moja: ukiiona, rekebisha, hata kama mgonjwa anacheka.

Halafu 2002, watafiti wa Boston wakapiga hesabu upya wakitumia data mpya. Wakakadiria kwamba mtu asiye na dalili, ama mwenye dalili ndogo, ana uwezekano wa karibu asilimia 1 kwa mwaka wa kuhitaji upasuaji wa dharura. Kwa mzee wa miaka 65 na zaidi, kupasuliwa bila sababu kungeweza kumdhuru kuliko kungoja na kufuatilia. Kwa hivyo ushauri ukabadilika: wasio na dalili wafuatiliwe, wenye dalili warekebishwe.

Kuna watu wakisikia "madaktari walibadilisha maoni" wanasema hao hawajui kitu, wanarudi kwa dawa ya mitishamba ya kwa stejini. Mimi naona kinyume. Mtu anayebadilisha ushauri akionyeshwa hesabu bora ndiye wa kuaminiwa. Yule ambaye chupa yake moja inatibu alsa, mgongo, presha na mapenzi hajawahi kubadilisha chochote.

"Huo ni ugonjwa wa wazungu"

Hapa sasa tunafika nyumbani. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja tangu utotoni, aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940, kwanza Lira, baadaye Mulago, Kampala. Wengi wanamjua kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake, aliyoieleza 1958. Ili kuielewa, mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakaendesha karibu kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali wamewaona watoto wangapi. Manze, hiyo ni bidii.

Baadaye akahamia swali lingine: kwa nini magonjwa mengine yamejaa Ulaya na ni adimu vijijini Afrika? Henia ya kiwambo ilikuwa kwenye orodha yake. Mwaka wa 1973 aliandika na mwenzake, na 1981 akaandika tena akiuliza kama inaweza kuzuiwa. Wazo lake ni rahisi: watu wanaokula chakula kisicho na nyuzinyuzi wanapata choo kigumu, wanajikamua chooni kila siku, na hiyo nguvu inasukuma mfuko wa chakula juu kupitia kiwambo. Waafrika wa vijijini wanakula ugali, maharagwe na mboga, choo chao ni laini, kwa hivyo hawapati.

Mimi naheshimu sana Burkitt. Alitazama chakula chetu bila dharau wakati wengi hawakufanya hivyo. Na kwa nyuzinyuzi alikuwa anasema ukweli ambao bado hatusikii, sisi wa chipsi mwitu na smokie kila jioni. Lakini kwa henia nina swali, na ni lile la Bowditch na Åkerlund. Nani alikuwa anaonekana? Ili ujue mtu ana henia ya kiwambo miaka hiyo, lazima afike hospitali yenye eksrei, apewe bariamu, na daktari wa picha amwangalie. Shosho wa kijijini mwenye kiungulia cha miaka 20 alikuwa anafikaje hapo? Isitoshe, huu ni ugonjwa unaopenda uzee. Kenya ilipopata uhuru 1963, umri wa kuishi uliotarajiwa ulikuwa karibu miaka 50. Leo umepita 60. Sasa tuna mashosho na maguka wengi kuliko wakati wowote wa historia yetu.

Sisemi Burkitt alikosea kabisa. Huenda kweli ilikuwa adimu. Ninachosema ni kwamba "adimu miaka ya 1970" si sababu ya kumtoa shosho wako kwenye orodha leo. Mawazo yana tabia ya kubaki kichwani hata baada ya hali kubadilika, na wazo la "hiyo si yetu" linaua kimyakimya, kwa sababu anayekufa nalo anaandikwa alsa, ama presha, ama "alikuwa mzee".

Kwa hivyo ufanye nini na hii historia

Siku za kawaida, zijue dalili za henia kubwa zinazojificha nyuma ya jina alsa. Mzee anayeshiba baada ya vijiko vitatu. Anayehema akimaliza kula. Anayesema chakula kinakwama kifuani. Aliyepungukiwa damu na hakuna anayejua inaenda wapi, kwa sababu mahali kiwambo kinapobana mfuko wa chakula panaweza kuchubuka na kutoa damu pole pole. Mtu kama huyo hahitaji chupa nyingine ya dawa nyeupe. Anahitaji kupigwa picha ama kuangaliwa kwa kamera, na ni haki yake kuuliza, "Daktari, si tuangalie kama ni henia?"

Siku ya dharura ni tofauti. Maumivu makali ya ghafla juu ya tumbo, kujikamua kutapika na hakuna kinachotoka: hiyo si ya kungoja asubuhi. Si ya soda ya tangawizi, si ya kukandwa tumbo, si ya kupewa maji mengi "ashushe gesi". Ni gari na hospitali yenye upasuaji, usiku huo huo. Na ujue kwamba mfuko ukiwa umejisokotea kifuani, tumbo linaweza lisivimbe sana na maumivu yakaonekana kama ya moyo. Hiyo isikuchanganye, kwa sababu moyo pia ni wa kukimbiza hospitali. Huna haja ya kuamua ni gani ndio uite gari.

Ukifika, mweleze muuguzi au daktari kwa maneno ya kawaida: alianza saa ngapi, anauma wapi, anataka kutapika lakini hakuna kinachotoka, na kama aliwahi kuambiwa ana henia. Eksrei ya kifua peke yake inaweza kuonyesha kiputo cha hewa na maji nyuma ya moyo. Mpira wa pua ukipita, unaweza kupunguza shinikizo na kununua muda. Usipopita, umetoa ile ishara ya tatu. Kisha madaktari watafungua msokoto, warudishe mfuko mahali pake, wazibe tundu, waushone usihame tena. Kwa mzee dhaifu asiyeweza kuhimili upasuaji mkubwa, kuna njia ya kuukunjua kwa kamera na kuushikilia kwa mpira unaopitia ukuta wa tumbo, njia ambayo chanzo chake ni uvumbuzi wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 1980.

Yule mama wa Berti hakuwa na hata moja ya hizi. Shosho wako anazo, mradi mtu mmoja nyumbani ajue kutofautisha tumbo linalouma na tumbo lililosokotwa. Mtu huyo anaweza kuwa wewe, hata kama uko kidato cha tatu na biolojia inakutesa. Leo jioni ukiongea naye, muulize anakula vipi siku hizi, na kama chakula kinashuka vizuri. Halafu nyamaza umsikilize ajibu.